Vifaranga Wekundu wa Jenifa

Kila asubuhi Jenifa alifagia uwanja wake pale Miyuji. Mabaki ya ugali na matumbo ya samaki aliyatupa nyuma ya jiko. Kisha aliwahesabu vifaranga wake. Walikuwa kumi na wawili, sasa wamebaki saba.

"Huyu ni Mwajabu tu!" alinong'ona. Mwajabu alikuwa jirani yake, mwenyeji wa Kondoa, msukaji wa mikeka. "Mbona siku hizi anachungulia uani kwangu? Na mchuzi wake wa jana ulinukia nini?" Mchana, bombani, aliwaambia hivyohivyo watu wote wa foleni.

Lo! Mtu akishaanza kushuku, hata harufu ya kitunguu huwa ushahidi.

Jenifa aliwapaka vifaranga mgongoni rangi nyekundu ya kutia ukili wa mikeka, ili awatambue. Rangi yenyewe alipewa na Mwajabu zamani. Kesho yake akaona manyoya mekundu uani kwa Mwajabu, chini ya mwarobaini.

"Leo nimekukamata, mwizi wa kuku!"

"Mimi, jirani?" Mwajabu alisukuma mlango wa jiko lake. "Haya, ingia, funua masufuria yote!"

Hapo akafika Bibi Loisi, afisa mifugo wa kata, aliyekuwa akichanja kuku dhidi ya ugonjwa wa kideri. Alisikia ugomvi, akatazama juu ya mti.

"Tulieni. Mwizi wenu yule."

Kwenye kiota, kunguru wawili waligombania kifaranga mwekundu.

"Kunguru? Hao tumezaliwa tukiwaona," alisema Jenifa.

"Wa kwetu ana kifua cheupe. Huyu ana shingo ya kijivu. Ni mgeni, asili yake India. Hula vifaranga, mayai, hata makinda ya ndege wa porini. Akizidi, ndege wetu hupungua."

"Kwangu amefuata nini?"

"Mabaki unayotupa. Yafukie. Vifaranga wafunike kwa tenga mpaka wakue. Usitege sumu, itaua hata mbwa. Kiota tutawaachia watu wa maliasili."

Jenifa alifanya hivyo. Uzao uliofuata, vifaranga kumi na mmoja walikua wote. Lakini alipomwendea Mwajabu uani kumwomba radhi, hakuitikiwa salamu.

"Ulinitangaza bombani mbele ya watu," alisema Mwajabu. "Radhi ya uani siitaki."

Jenifa aliona aibu kweli. Kesho yake bombani, foleni ikiwa ndefu, alitua ndoo yake.

"Jamani, nisikilizeni. Mwajabu si mwizi. Mwizi ni kunguru, na aliyekuwa akimlisha ni mimi."