Makohozi ya Mzee Maganga

Mpaka leo sijui kama makohozi yale yalikuwa ya mtu hai au ya maiti. Nimesoma vitabu vingi vya magonjwa ya kifua tangu wakati ule. Hakuna kilichonijibu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Operesheni Vijiji. Nilikuwa tabibu wa kituo cha afya upande wa Rujewa. Budeba, mfugaji aliyehamia Usangu kutoka Shinyanga, alikuwa na mke anayekohoa, Nyamizi, ambaye bado alikuwa ananyonyesha. Niliwaagiza walete makohozi yake ya asubuhi. Budeba alitembea nayo tangu alfajiri, akafika jua likiwa utosini. Nilipolipokea kopo, lilikuwa la moto.

Nilidhani ni jua.

Nikafungua kifuniko. Nimesafisha vidonda vyenye funza bila kukunja uso, lakini siku ile nilitoka nje kutapika. Makohozi yalikuwa ya kijivu, mazito kama uji uliolala, na nilipoyapaka kwenye kioo yalikwaruza kama mchanga. Kwenye hadubini vijidudu vyekundu vya kifua kikuu vilijaa kama siafu, na katikati yake punje za mawe zikimeta. Makohozi kama hayo hutoka kwa wachimba dhahabu. Nyamizi hakuwahi kushika sururu.

Alasiri nikapanda baiskeli kumfuata, aanze sindano kabla hajamwambukiza mtoto.

Nilifika ng'ombe wakiingia zizini. Kashindye, mama yake Budeba, alikuwa anakamua.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kama mama yangu, kwa Kisukuma changu kibovu.

"Mwadila. Mbona unaziba pua, daktari? Nyie Wanyakyusa mmezoea harufu ya ndizi tu?"

Haikuwa harufu ya ng'ombe. Ilikuwa ile ya koponi.

Nyamizi akatoka na mwanawe Roza mgongoni. Kikohozi chake kilikuwa kikavu, chepesi. Nilipomweleza nilichokiona, akamtazama mama mkwe, kisha akainamisha kichwa.

"Hayakuwa yangu, daktari."

Kashindye akacheka. "Makohozi ya mwanamke anayenyonyesha tukupe wewe, mtu baki? Makohozi ni kama kucha, kama nywele. Mtu akiyapata, amekupata. Tulikupa ya mzee, baba yake Budeba."

"Na mzee hamkumwogopea?"

"Huyo?" Akashusha sauti. "Mchawi atamfanya nini tena?"

Hapo kikasikika kikohozi nyuma ya zizi.

Kizito... chenye maji ndani yake.

"Anamwita Roza," Nyamizi akanong'ona. "Kila jioni ng'ombe wakiingia, anataka kumtemea baraka."

Desturi hiyo naijua. Babu humtemea mjukuu mate kidogo kifuani ili apate afya. Nilitemewa hata mimi, na sikuwahi kuiona chafu. Lakini Nyamizi alimshusha mtoto, akafungua kanga. Kifuani pa Roza palikuwa na ukoko wa kijivu, tabaka juu ya tabaka, unameta. Ulishuka mpaka kitovuni.

"Nimekatazwa kuosha," akasema. "Baraka haioshwi."

Mtoto akakohoa.

Budeba alitoka zizini, akanipeleka kwenye kibanda cha mzee kwa furaha, kama mtu anayeonyesha fahali wake. "Baba, umepata mgeni." Mzee Maganga alikuwa amekaa juu ya ngozi ya ng'ombe, chungu cha kutemea kati ya magoti, kimejaa mpaka ukingoni. Nzi walitembea juu ya midomo yake. Hakuwapunga. Mkono wake ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Niliweka mpira wa kusikilizia mgongoni pake. Mapafu yalitoa sauti ya mtu anayetembea kwenye tope la jaruba la mpunga. Nikahamia kwenye moyo.

Kimya.

Nikabonyeza zaidi.

Kimya.

Akakohoa. Kitu kikaangukia kiganjani mwangu, kinene, na hicho ndicho kilichokuwa cha moto.

"Mlete," akasema. "Mleteni mtoto."

Nje, nilikisugua kiganja kwa majani mpaka ngozi ikachubuka. Budeba akanieleza. Baba yake alichimba dhahabu Makongolosi tangu enzi ya Mwingereza. Alifia huko, akazikwa huko. Mvua zilizofuata, jioni moja, akaonekana hapa anatembea nyuma ya ng'ombe, anakohoa.

"Walizika mtu mwingine," Budeba akasema.

"Nilimfumba macho mimi, hukohuko," akasema Kashindye.

"Macho yako yalikuwa yamejaa machozi, mama."

"Mkono haukuwa na machozi."

Niliwaambia ninachokijua. Kifua kikuu huweza kujaza maji kuuzunguka moyo, mapigo yasisikike. Mtu aliyekonda huwa baridi. Apelekwe hospitali Mbeya, akapigwe picha. Nilisema hayo yote kwa utulivu, na wakati nayasema nilikuwa nahesabu moyoni kama nimewahi kumwona akivuta pumzi bila kukohoa. Sikuwa nimemwona.

"Simtoi baba yangu," Budeba akasema.

Nyamizi alichota maji ya kunyweshea ng'ombe, akamkalisha mtoto chini, akaanza kumsugua kifua mbele ya mume na mama mkwe. Ukoko ukatoka vipande vipande, na chini yake ngozi ilikuwa nyeupe kama tumbo la chura. "Yeye abaki," akasema, "au mwanangu abaki. Chagueni."

Kashindye akapitisha kidole kifuani pa mjukuu.

"Nyamizi na Roza wanaondoka na daktari sasa hivi," akaamua. "Mlango wa kibanda unazibwa. Budeba, kanyaga udongo."

Budeba akakaa chini, akashika kichwa.

Basi Kashindye akavua ndala, akamwaga maji, akaukanyaga mwenyewe udongo na samadi. Nikamfuata mpaka kibandani.

"Mayu, na kama yu hai?"

"Kama yu hai atausukuma. Udongo mbichi haumshindi mtu hai."

Akaegemeza miti mlangoni, akakandika kuanzia chini. Ndani kikohozi kikasogea karibu. Hakuna aliyesukuma. Pakabaki tundu moja, usawa wa mdomo wa mtu aliyesimama, na ndani yake kitu cha kijivu kikaanza kuvuja, kikichuruzika juu ya udongo mpya.

"Mleteni..."

Kashindye akachota konzi la mwisho, akaliziba.