Kisicho na Lakiri

Mchana ule Mbwana alipogusa kufuli la ghala la forodha, karibu na stesheni ya Korogwe, alikuta lina joto kama paji la uso la mgonjwa. Mlango ulikuwa kivulini tangu asubuhi. Akajifuta mkono kwenye suruali, akaingia.

Nyuma ya wavu lilikaa sanduku la unga wa mofini, limepigwa lakiri, nta nyekundu ya muhuri wa serikali. Hospitali ya misheni ililiagiza ili ichanganye yenyewe dawa ya maumivu, kwa kuwa miaka ile dawa zilizo tayari zilikuwa adimu. Lakini kibali cha kuingiza unga huo kiliisha muda meli ikiwa bado njiani, na sheria ya dawa za kulevya haina huruma: bila kibali kipya kutoka Dar es Salaam, sanduku halitoki. Mtunza ghala kama yeye akipoteza hata kijiko kimoja, jela.

Na wodini alilala Mwanaidi, mama yake Mbwana, aliyeletwa kwa machela kutoka kijiji kipya cha ujamaa huko Handeni, na kidonda cha titi kisichopona. Kilio chake kilifika barabarani.

"Kaka Mbwana," nesi Lea alikuwa amemwambia, "dawa ya mama umeifungia wewe. Unapata usingizi kweli?"

"Nikivunja lakiri nitafungwa, dada. Atabaki na nani?"

"Kamwambie mwenyewe. Mimi nimechoka kumdanganya."

Sasa, mle ghalani, sanduku liliguna.

Mbwana alidhani ni panya. Likaguna tena, mguno mrefu wa mtu anayegeuzwa kitandani, na harufu ya bandeji zenye usaha ikatanda juu ya magunia, ikamwingia puani na kinywani, mpaka akatoka kinyumenyume akipapasa ukuta, huku mguno ukimfuata hatua kwa hatua kana kwamba nao una miguu.

Bosi wake, Bwana Yordani, aliposimuliwa alicheka. "Huyo jini ameingia nchini kwa kibali cha nani?" Kisha akashusha sauti. "Mtoe kimyakimya. Wakaguzi wa Tanga wako njiani."

Mbwana akamleta Bibi Mashavu, mganga wa Kizigua. Bibi alifukiza ubani mbele ya wavu, akasikiliza.

"Huyu hakuja na sanduku, mwanangu," alinong'ona. "Amefuata uchungu wa watu, akakuta dawa yao imefungwa, akakaa. Ataomba kitu. Mwenye ufunguo ndiye ajibuye. Pima maneno, maana akishapokea harudishi."

Moshi ukasimama wima. Sauti isiyo ya mume wala ya mke ikasema, "Nipe changu."

Mbwana akaliona sanduku likivimba na kunywea kama kifua, akaiona lakiri ikitoka jasho jekundu, akawaza wakaguzi, akawaza pingu, na maneno anayowaambia wafanyabiashara kila siku yakamtoka yenyewe: "Chenye lakiri hakitoki! Kisicho na lakiri, chukua ukitakacho, uende!"

Bibi Mashavu alimziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Umempa nini?" aliuliza. "Mwanangu, umempa nini?"

Ghala lilikuwa kimya. Harufu ilikuwa imekwisha. Lakiri ilikuwa nzima, na Mbwana, Mungu amsamehe, alitabasamu.

Alipofika hospitali, barabara nayo ilikuwa kimya. Lea alimpokea kwa furaha. "Mama ametulia! Amenyamaza ghafla tu."

Mbwana akainama kitandani. Kinywa cha Mwanaidi kilikuwa wazi hadi mwisho wa taya, mishipa ya shingo imesimama, kucha zimezama kwenye godoro. Alikuwa akilia kwa nguvu zake zote. Hakuna kilichosikika: sauti yake haikuwa na lakiri.

"Anaumia! Lea, mtazame!"

"Anayeumia analia, kaka," Lea alijibu bila kugeuka. "Nenda kapumzike."

Kibali kilikuja. Sanduku likafunguliwa, unga ukapimwa, haukupungua hata chembe, na Bwana Yordani akamsifu Mbwana mbele ya wakaguzi. Lakini unga ulikuwa kidogo na wagonjwa wengi. Daktari akapita kitanda hadi kitanda, akawagawia wanaolia.

Mwanaidi aliishi hadi mvua za vuli. Kila alasiri Mbwana aliketi kando yake, akitazama kinywa kile, na mgonjwa wa kitanda cha pili hakuacha kumwambia, "Una bahati, baba. Mama yako ni mvumilivu sana."