Misumari ya Papa Isidore

Kila Jumapili wakitoka kanisani, Pétronille na mumewe Isidore walikaa mlangoni kwao Kirolirwe, telefone katikati yao. Walingoja sauti ya Olga, binti yao wa pekee. Olga aliolewa Hombo, mbali, na barabara ni mbovu. Sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza, karibu kujifungua.

Telefone ilipata umeme kutoka kwenye plake ya jua, paneli laini ya plastiki, zawadi ya Olga. Isidore ni fundi wa kila kitu, kwa maneno yake mwenyewe. Aliipigilia misumari juu ya bati la jikoni. Kila msumari aliuwekea kifuniko cha chupa ya bia, kama wanavyofanya watu wa kule wakiezeka. Alijisifu mpaka maharagwe yakaungua.

Mvua zikaja. Plake ikaanza kuchoka. Siku moja Olga alisema, "Mama, tumbo inauma," na telefone ikazimika. Pétronille alilia waziwazi.

"Ni jua njo haina nguvu," Isidore alijitetea.

"Jua iko palepale! Twende kwa Falone."

Falone, jirani yao, alijifunza kazi ya umeme wa jua kule Goma. Alipanda ngazi, akatazama, akacheka.

"Papa Isidore, hii haiko bati! Umeitoboa."

"Niliogopa upepo itaibeba."

"Sikia, papa. Plastiki ya ndani, yenyewe tu, haipitishe umeme muzuri. Kwa hiyo wanaichanganya na dawa kidogo. Ile dawa njo inaisaidia, na inapaswa kubakia fasi yake, palepale waliiweka. Maji na hewa zikiingia mu matundu, dawa inaharibika. Na moto ya jiko hapa chini inaifanya ihame polepole. Sasa nguvu inaisha."

"Kama chumvi yenye kulowana?" Pétronille aliuliza.

"Karibu vile, mama."

"Itapona?"

"Fasi yenye kufa haitarudia. Yenye kubakia, tutaichunga."

Falone aling'oa misumari taratibu. Alikausha plake, akaziba matundu kwa gundi isiyopitisha maji. Kisha waliifunga kwa kamba juu ya fito uani, mbali na jiko, hewa ikipita chini yake. Kamba zilipita kwenye pete za pembeni, zilizowekwa na watengenezaji kwa kazi hiyo.

"Musiitoboe, musiikate," Falone alisema. Alimtazama Isidore, naye akaficha nyundo mgongoni.

Umeme ulirudi, ingawa si kama zamani. Kesho yake mchana telefone ilikuwa imejaa. Ikalia.

"Mama! Mutoto iko mwanamuke. Sikiliza."

Kichanga kikalia kwa nguvu, kule Hombo, ndani ya sikio la bibi yake. Pétronille akacheka na machozi yake. Alimpa Isidore telefone. Mzee yule, fundi wa kila kitu, aliishika kwa vidole viwili, mbali na sikio, kama yai litakalovunjika.

"Sema naye, Papa Olga," Pétronille alimwambia kwa upole. "Usiogope. Leo haitazimika."