Sahani ya Jumapili

Mtu mzima akisema amechoka, anapewa kiti. Mtoto akisema amechoka, anaulizwa, "Umechoshwa na nini?" Ndiyo maana mimi, Anitha, sikusema.

Wiki ile niliamka kila siku saa kumi na moja alfajiri, nikakinga maji kabla bomba halijakata, nikachemsha chai na kumwamsha mdogo wangu Octavian wa darasa la pili. Jioni nikirudi kutoka masomo ya ziada ya darasa la saba, vumbi la mtaa wetu wa Mkonze, hapa Dodoma, lilikuwa limejaa sebuleni kama vile sikufagia. Nilifua, nikaosha vyombo, nikahangaika na jiko la mkaa mpaka macho yakawa mekundu.

Kazi hizo niliziomba mwenyewe. Mama anafanya kazi wizarani, kule Mtumba kwenye mji wa serikali, na ni mtaalamu wa zabibu. Alipelekwa Ufaransa siku kumi kujifunza magonjwa ya mizabibu, na baba alikuwa safarini na lori. Mama alitaka tule kwa Mama Ikram, jirani yetu mwenyeji wa Kondoa, ambaye angekuja kulala nasi kila siku akishafunga duka lake.

"Mama, nina miaka kumi na tatu," nilimwambia. "Kupika nako ni kazi?"

Mama alicheka. "Haya, bingwa. Lakini kila jioni nitumie picha ya sahani zenu. Huko sitagusa chakula mpaka nione mmekula." Akaniachia simu yake ya zamani.

Jumapili ya kwanza nilipika wali, maharage na mchicha, na papai pembeni. Nilijiona! Nilipiga picha kama kumi na mbili, mara mezani, mara mkekani, mara kwa sahani za maua. Mama akajibu kwa sauti: "Anitha, wee! Leo nimekula supu ya vitunguu. Juu wameweka mkate na jibini iliyoyeyuka, ukiivuta haikatiki! Na hawa watu hawana haraka. Sahani hii inaondoka, nyingine inakuja, saa mbili nzima tuko mezani tunapiga soga." Nilimsikiliza mate yakinijaa mdomoni.

Jumatatu na Jumanne nilipika. Jumatano niliweka ungo wa maharage mapajani niyachambue, nikasema nifumbe macho kidogo tu. Nilishtuka Octavian akinitikisa bega.

"Dada, njaa inauma."

Giza lilikuwa linaingia na simu inalia. Mama alikuwa ameandika: "Mbona sioni sahani? Wenzangu wameshaanza, mimi nawasubiri nyie."

Nilitazama jiko. Mikono ilikataa kabisa. Nikafungua biskuti, nikamimina chai ya rangi ya asubuhi iliyobaki kwenye chupa, kisha nikamtumia mama mojawapo ya picha za Jumapili.

"Safi sana!" akajibu. "Sasa nakula. Leo ni kuku na uyoga, amepikwa polepole mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe."

Nawaambieni ukweli, uongo ule ulikuwa mwepesi kuliko kuwasha mkaa. Alhamisi tukala biskuti na chai, Ijumaa vilevile. Mama Ikram akija na kuuliza, "Mmekula, wanangu?" nilijibu, "Tumekula." Octavian akanitazama.

"Ukiulizwa, sema wali na maharage," nilimfundisha. "Usimharibie mama chakula chake."

Ukiondoa uji wa shuleni, biskuti ndizo zilizokuwa chakula chake hadi Jumapili. Jumatatu asubuhi, tukiwa mstarini shuleni, Octavian alianguka.

Mwalimu alimpigia simu Mama Ikram, naye akafunga duka, akatupeleka zahanati. Daktari alimbonyeza Octavian tumbo, naye akalia.

"Jana ulikula nini?"

"Wali na maharage."

"Na juzi?"

"Wali na maharage."

Daktari akakunja uso. "Anakula vizuri, lakini tumbo gumu na nguvu hana. Hapa sielewi. Itabidi apelekwe hospitali kubwa, wakamwangalie utumbo."

"Yarabi!" Mama Ikram akashika kichwa.

Octavian alinitazama. Midomo imempasuka, machozi yanamtoka, na bado alikuwa analinda uongo wangu. Moyo uliniuma jamani, nikashindwa kuvumilia.

"Daktari, si kweli," nikasema. "Nimemfundisha mimi. Siku tano nimempa biskuti na chai ya rangi tu."

Daktari alishusha pumzi. "Mtoto akikosa mboga na maji, choo kinakuwa kigumu, na akikosa chakula, nguvu zinaisha. Hivyo vinatibika hapahapa. Lakini ukinificha, nitatibu nini?"

Octavian alipopewa maji na uji, mimi mwenyewe nilimpigia mama, nikamweleza yote. Nyuma yake nilisikia vijiko na sahani, halafu nikasikia anatoka na kufunga mlango.

"Jana niliongeza jibini mara mbili," alisema taratibu. "Niliona sahani zenu, nikasema moyoni, wanangu wameshiba, acha na mimi nifurahi."

Hakunigombeza. Ningeona afadhali angenigombeza.

Jioni Mama Ikram alipika ugali wa uwele na mlenda. "Njia ya mwongo ni fupi," aliniambia huku akisonga, "lakini na mimi nilitakiwa kufunua sufuria, si kuuliza tu." Nilikuwa nimejilaza mkekani. Nikapiga picha ya sahani yake na ya Octavian, nikaituma.

"Nani amepika?" mama akauliza.

Nikaandika: "Mama Ikram. Mimi nimechoka."

Ikaja sauti yake, na yenyewe imechoka. "Asante kwa kuniambia. Kuchoka si aibu, mwanangu. Hata ng'ombe wa kulima hufunguliwa. Kosa ni kuficha mzigo mpaka ukamwangukia mdogo wako. Siku nyingine ukishindwa, sema mapema, usaidiwe." Akaongeza, "Lakini naona sahani mbili tu. Ya kwako iko wapi? Hapa chakula kinapoa, na bado sijashika uma."

Mama Ikram alinisogezea sahani. Nikainuka, nikanawa mikono, nikamega tonge.