Taa Nyeupe za Thuo

Thuo wa Elburgon aliipenda pikapu yake kupita kiasi. Mwaka huo wa 2007 aliifungia taa za HID, zile nyeupe kali. Vijana walimsifu. Mkewe, Wangare, hakumsifu hata kidogo.

Wangare alikuwa mjamzito, karibu kujifungua. Hospitali ilikuwa Nakuru, na alfajiri barabara hujaa ukungu. Taa ya kulia nayo ilikuwa inawaka, inachezacheza, halafu inazima.

"Uchungu ukinishika kwa ukungu, tutapita wapi?" aliuliza.

"Ni balbu tu, Wangare. Nitanunua ingine."

"Ingine tena? Si juzi umenunua!"

Siku ya kliniki, Wangare alimlazimisha Thuo apitie kwa mzee Balwant, fundi wa umeme wa magari pale Nakuru.

"Zima kwanza, boss," Balwant alisema. "Halafu tunatoa waya ya betri. Umeme wa taa hizi ni hatari. Usiguse ikiwa inawaka."

Alihamisha balbu ya kulia, akaiweka kushoto. Ikawaka vizuri. Akahamisha na balasti, kile kiboksi cha kuwashia. Nacho kikafanya kazi. Lakini taa ya kulia bado ilizima.

"Balbu mzima, balasti mzima. Ugonjwa umebaki palepale," alisema. "Sasa tuangalie waya."

Aliufuata waya unaofungwa kwenye bodi ya gari. Ulikuwa umekazwa juu ya rangi nyeusi, nzito.

"Nani alipaka lami hapa?"

"Mimi!" Thuo alijibu kwa maringo. "Matope ya kwetu yanakula bodi. Nilifungua kila kitu, nikapaka mpaka ndani."

"Umepaka kweli! Maji haipiti. Na umeme pia haipiti. Lazima waya iguse chuma, ndiyo umeme irudi kwa betri."

Wangare alicheka mpaka akashika tumbo. Balwant alikwangua lami, chuma kikang'aa, akakaza nati. Taa ikatulia.

"Asante sana, mzee!" Thuo alisema.

"Ngoja." Balwant aligeuza gari likatazama ukuta. Mwanga ulitapakaa mpaka dirisha la jirani. "Kikombe cha taa yako kilitengenezewa balbu ya kawaida. HID inatupa mwanga ovyo. Inapofusha dereva anayekuja. Kwa ukungu, inakurudia machoni. Rudisha za kawaida, mimi nielekeze chini."

Thuo alikunja uso. Alizipenda taa zake, jamani! Kisha akamtazama mkewe.

"Toa zote," alisema.

Haukupita muda, uchungu ukamshika Wangare alfajiri. Ukungu ulikuwa mzito ajabu. Thuo aliendesha polepole, taa zikimulika chini, ukingo wa barabara ukionekana. Ghafla Wangare akapiga kelele.

"Lori, Thuo!"

Lori la mbao lilikuwa limeharibika katikati ya njia, halina taa hata moja. Thuo alikanyaga breki. Walisimama karibu nalo, wakalipita taratibu. Wangare alilia kwa shukrani mpaka hospitalini.

Baadaye walirudi kwa Balwant na gunia la viazi.

"Hii yote ya nini?" mzee alishangaa. "Kazi si mlishalipa?"

Wangare hakujibu. Alimfunua mtoto, akamweka mikononi mwa mzee.

"Anaitwa Mugure," alisema. "Ndiye uliyemmulikia njia."