Kocha Aliyeondoka Alhamisi

Katika kaunti yetu yote hakuna anayeijua habari hii kunishinda mimi, kwa sababu niliishuhudia mwanzo hadi mwisho. Basi, mwanzo niliuona. Mwisho ulinikuta nimechuchumaa nyuma ya pipa la taka la Ozella Pettway, na nilichokiona zaidi ni pipa. Lakini dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na masikio yangu bado ni ya kisichana.

Uovu uligunduliwa Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, katika mgahawa wa Dot. Watu walikuwa wanakula mayai yao kwa amani, mara runinga ikatangaza kwamba Rick Sandlin, kocha wa safu ya mbele katika timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Calloway, amehamia kwa mahasimu wao, Chuo cha Bascomb. Vijiko vikasimama hewani. Hata Dot, ambaye hajanyamaza tangu azaliwe, aliiongezea runinga sauti.

Maana jana yake, Jumatano ya kusaini, siku ambayo vijana wa shule hutia saini na timu za vyuo, mji mzima ulikuwa umejazana ukumbini shuleni kumtazama Kendrell Pettway akichagua chuo. Kendrell ana miaka kumi na minane na uzito wa friji pamoja na chakula chake. Mezani aliwekewa kofia mbili: ya buluu ya Calloway na ya kijani ya Marlow. Akavaa ya buluu, watu wakapiga makofi, akasaini barua, ikapita kwenye mashine ya faksi. Na kila mtu alijua kwamba mtoto hakukichagua Calloway, alimchagua Sandlin.

Barua ile ni kamba. Ukishaisaini, ukienda chuo kingine bila kuachiliwa, unakaa nje mwaka mzima bila kucheza, na mwaka huo haurudi. Kocha yeye barua hiyo haimfungi hata kwa uzi.

Lorene Stallworth aliweka kikombe chake chini. Kwa miaka thelathini alikuwa mpelelezi wa ofisi ya sherifu. Sasa amestaafu, anaimba kwaya kanisani, vibaya, na hakuna mwenye ubavu wa kumwambia. Alilipa, akaenda moja kwa moja kwa Ozella, bibi yake Kendrell.

Alimkuta kijana ameketi ngazini, kofia ya buluu mkononi.

"Alikwambia nini hasa, mwanangu?" Lorene akauliza.

"Jumapili, mezani kwa bibi, Kocha Sandlin alisema atakuwa nami miaka yote minne. Nikamuuliza tena. Akasema, 'Kendrell, mimi siendi popote.'"

"Na sasa unataka nini?"

"Marlow. Ni saa moja tu kwa gari, bibi angekuwa anakuja kuniona. Kocha wao amekaa pale mpaka nzi wa pale wanamjua. Nimempigia leo. Kanihifadhia nafasi mpaka kesho jioni, lakini lazima Calloway waniachilie kwa maandishi."

"Na Calloway wanasemaje?"

"Bwana Lyle, mkurugenzi wao wa michezo, anasema hawakujua kitu. Sandlin aliaga leo alfajiri, nao wameshangaa kama sisi. Anakuja kesho mchana na kocha mpya tuzungumze."

"Kushangaa ni kazi rahisi," Lorene akasema. "Mimi nilishangaa miaka thelathini kwa mshahara."

Alianza na Mabry, kocha wa shule. Mji ulikuwa umeshamhukumu, kwa sababu Jumatano ni yeye aliyemkimbiza Kendrell asaini saa moja kamili, wakati hotuba ya mkuu wa shule ilikuwa bado mfukoni. Lorene alimkuta chumba cha mazoezi, saa tatu.

"Wanasema umemuuza mtoto, Kocha."

"Wanasema pia nimewapotezea mechi na Ridgeville, Dada Lorene, na siku ile kulikuwa na mafuriko."

"Kwa nini mbio zile?"

Mabry akajikuna shingo. "Sandlin alinipigia Jumanne jioni. Akasema faksi isipofika kabla ya saa mbili, nafasi wanampa mwingine. Nikaogopa. Mtoto mmoja kwa miaka kumi ndiye anayetoka hapa kwenda chuo kikubwa. Ungekuwa wewe ungetembea?"

"Alishawahi kukuharakisha hivyo?"

"Hapana. Miaka yote alikuwa anasema subirini hata hadi adhuhuri, tena mpige picha na bibi zenu."

Lorene akalichukua neno hilo, akaondoka nalo.

Mshukiwa wa pili alikuwa Cleotis, kaka yake Ozella. Huyu ni mshabiki wa Bascomb wa kufa na kuzikana. Soksi zake ni za rangi ya chungwa mpaka msibani. Na Jumatano, wakati wote wanapiga makofi, watu walimwona anacheka mpaka anafuta machozi. Alijua nini? Lorene alimkuta bwawani anavua kambare.

"Ulikuwa unacheka nini jana, Cleotis?"

"Nani, mimi?"

"Hapa tuko mimi, wewe na kambare. Kambare hajacheka."

Cleotis akavuta ndoano taratibu. "Nilimwekea dau mchungaji kwamba kofia haitaingia kwenye kichwa cha Kendrell. Dada yangu Ozella aliinunua mwenyewe, si unajua kocha haruhusiwi kumpa mtoto hata kofia. Akanunua ya kichwa cha binadamu. Hukuiona ilivyokaa? Kama kifuniko cha chupa juu ya boga. Mchungaji anadaiwa mbavu za kuchoma."

"Na Sandlin kuhamia kwenu hukujua?"

"Ningejua ningenyamaza mimi? Mimi?"

Hoja hiyo ilitosha. Lorene akamfuta kwenye orodha ya washukiwa.

Jioni alirudi jikoni kwa Ozella. "Nieleze Jumapili, Dada. Kila kitu, hata cha kijinga."

Ozella alikuwa anachambua sukuma wiki. "Alikuja saa tisa, baada ya ibada. Akala vizuri. Nikamletea kahawa katika kile kikombe cha Cleotis, cha Bascomb. Huwa namtania nacho. Mara tatu alizokuja kabla, alikisukuma kama nimemwekea chura. Mara ya mwisho alisema bora anywe kwenye kiatu."

"Na Jumapili?"

Mikono ya Ozella ikasimama. "Jumapili alikunywa. Akaomba nimwongeze."

Mtu wa Calloway anywe kwenye kikombe cha rangi ya chungwa cha Bascomb, tena asitoe hata mzaha. Hapa kwetu watu wameachana na wachumba kwa makosa madogo kuliko hayo.

"Basi Sandlin alikuwa ameshahama moyoni," Lorene akasema. "Lakini kikombe ni ushahidi wa kanisani tu, si wa mahakamani. Na Sandlin akijua peke yake haitusaidii. Hakuna kanuni inayomgusa. Ninayemtaka ni chuo. Kama chuo kilijua kikanyamaza mpaka faksi ziingie, hapo tuna neno."

Ijumaa saa sita mchana magari mawili yakaingia uani. La kwanza lilikuwa la buluu, linang'aa, akashuka Bwana Grantham Lyle, suti safi, meno safi. La pili lilikuwa gari kubwa lenye namba za Montana, jimbo la baridi la mbali kaskazini. Mwezi mzima kwetu halijaanguka hata tone la theluji, lakini gari lile lilikuwa limeganda chumvi nyeupe, ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji, kutoka magurudumu hadi vishikio vya milango. Akashuka Nils Haugen, kocha mpya wa safu ya mbele, mtu mrefu mwenye haya, na mbwa wawili wenye manyoya mengi wakubwa kama ndama.

"Kocha, hebu watembeze kwanza mbwa," Lyle akasema upesi. "Mimi nitaanza."

Haugen akatii, akawapeleka upande wa uzio. Mbwa mmoja alilinusa pipa kwa muda mrefu sana. Mtu aliyekuwa nyuma yake aliikumbuka Zaburi yote.

Ndani, Ozella alipakua kuku, sukuma wiki na mkate wa mahindi. Lyle akamgeukia Kendrell kwa upole.

"Mwanangu, naelewa uchungu wako. Lakini mtu husaini na chuo, hasaini na kocha. Makocha huja na kwenda."

"Chuo hakijawahi kula hapa," Ozella akasema. "Aliyekula hapa ni Sandlin. Mara nne."

"Nasi ametuumiza vilevile, mama."

"Hebu nikuulize, Bwana Lyle," Lorene akasema, anapaka siagi kwenye mkate. "Jumatano mlipata vijana wangapi wa safu ya mbele?"

"Watano. Wazuri sana."

"Wote wa Sandlin?"

"Aliwatafuta yeye, ndiyo."

"Angeondoka Jumanne mngepata wangapi?"

Lyle akatabasamu. "Sipendi kukisia."

"Mimi napenda. Mngepata mmoja, pengine hata huyo asingekuja. Kwa hiyo mtu mwenye akili angemwambia Sandlin: nenda kwa baraka zangu, hatutakudai kwa kuvunja mkataba, ila funga mdomo mpaka Alhamisi na uhakikishe faksi zinafika mapema. Sandlin anapata kazi, chuo kinapata watano, na watoto wanapata kofia zisizowatosha."

"Dada Lorene, hiyo ni hadithi nzuri." Lyle hakukasirika hata kidogo, alikuwa anajua kazi yake. "Niseme mbele ya chakula hiki. Kama mtu yeyote atanionyesha kwamba chuo kilijua kabla ya Jumatano, nitamwachilia Kendrell hapa hapa, kwa kalamu yangu, kabla sijameza tonge."

"Umesikia, Ozella?"

"Nimesikia. Na Kendrell kasikia."

"Basi tueleze ilivyokuwa," Lorene akasema. "Taratibu. Mimi mzee."

"Sandlin aliniamsha Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri. Nilikaa kitandani nimeduwaa. Saa kumi na mbili asubuhi nikampigia Haugen, Montana. Sikuwa nimewahi kuzungumza naye maishani. Akakubali, akarukia ndege ya mchana."

"Ndege."

"Ndege."

Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Haugen, amevua kofia, mashavu mekundu. Ozella akamvutia kiti. Lorene akamsogezea sahani.

"Kula, Kocha. Unaonekana umechoka. Tulikuwa tunazungumzia safari. Mbwa hawakusumbuka kwenye ndege?"

Haugen alicheka, kwa mara ya kwanza tangu afike. "Ndege gani, mama? Hawa hawaingii hata kwenye lifti. Tumeendesha siku tatu, mimi na mke wangu kwa zamu. Tuliondoka Jumatatu asubuhi, theluji imefika hapa." Akagusa goti. "Bwana Lyle ametutunza, siwezi kusema uongo. Vyumba vya hoteli alivipanga mwenyewe tangu Ijumaa ya wiki iliyopita, na akachagua vile vinavyopokea mbwa."

Akajipakulia sukuma wiki. Kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayekula, akaweka kijiko chini polepole, akamtazama mkurugenzi wake. Shingo ya Bwana Lyle ilikuwa imeanza kuiva kutoka kwenye kola kwenda juu. Kendrell alikuwa ameshainuka kutafuta karatasi.

"Endelea, Bwana Lyle," Lorene akasema kwa upole. "Ulikuwa umefika Alhamisi, umekaa kitandani, umeduwaa."