Oili Nyekundu ya Gari la Damalie

Damalie anaishi Nabuyoga, katika wilaya ya Tororo, Uganda. Alipokuwa na miaka mitatu aliugua polio. Alipona, lakini mguu wake wa kushoto ulibaki mwembamba na dhaifu. Anatembea kwa mkongojo.

Kazi yake ni kushona gomesi, yale magauni marefu ya wanawake yenye mkanda kiunoni. Kila Jumatatu na Alhamisi anapeleka nguo zake mjini Busia. Huko ana cherehani na meza ndogo kwenye baraza la duka, karibu na soko. Zamani mume wake, Okochi, baba wa binti yake Kate, alimpeleka kwa baiskeli mpaka barabara kuu. Mvua ikinyesha, Okochi aliiacha baiskeli na kumbeba mgongoni penye matope. Hakulalamika hata siku moja. Damalie ndiye aliyeumia moyoni, maana alijua kwamba shamba la muhogo linamsubiri mumewe.

Mwaka jana walinunua gari dogo lililokwisha kutumika. Lilikuwa la otomatiki. Gari la namna hiyo halina klachi ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Giaboksi yake inabadilisha gia yenyewe, na dereva anatumia mguu wa kulia tu. Damalie alijifunza kuliendesha, akapata leseni. Siku ya kwanza alipofika Busia peke yake, alikaa kwanza ndani ya gari, mikono kwenye usukani. Hakutaka kushuka upesi.

Jioni alimwambia Okochi, "Leo hakuna mtu ameniuliza anibebe."

Okochi alicheka. Kisha akageuka upande, akafuta macho.

Waliishi hivyo kwa miezi minane. Halafu gari likaanza kusumbua.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Damalie aliwasha injini, akasogeza mkono wa gia mpaka D ili aende mbele. Gari halikuondoka. Alingoja kidogo. Ghafla gari likaruka mbele, kama limesukumwa na mtu. Gomesi zilizokuwa kwenye kiti cha nyuma zikaanguka chini.

Juma lililofuata lilikuwa baya zaidi. Kwenye mlima injini ilipiga resi kwa kelele, lakini gari lilipanda polepole sana. Siku nyingine mjini Busia, gari lilisimama katikati ya njia, mbele ya lori. Dereva wa lori alipiga honi. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipita akasema, "Mguu moja, sasa gari ya nini? Huyu ndiye anaiharibu."

Damalie alisikia. Alijaribu tena mpaka gari likaondoka. Lakini maneno yale alirudi nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo. Alianza kuamini kwamba ni kweli. Labda anakanyaga vibaya. Labda mwili wake haufai kuendesha gari. Hakumwambia Okochi.

Okochi naye aliona kwamba gari halina raha. Kila asubuhi alilizunguka, akaliangalia chini, akaondoka kwenda shambani. Siku moja alisema, "Paddy anamjua mtu wa Tororo ambaye ananunua gari mbovu. Anatoa spea."

Paddy ni mdogo wake Okochi.

"Labda tuuze," alisema Okochi.

"Labda," alisema Damalie.

Walikuwa wamekaa pamoja, wakimenya muhogo. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Jumatatu iliyofuata Damalie alikuwa kwenye cherehani yake Busia. Mwanamke mmoja mnene, wa miaka hamsini hivi, alikuja na ovaroli iliyochanika mfuko. Jina lake ni Syprose. Ni fundi wa magari. Anaishi upande wa Kenya, na kila asubuhi anavuka mpaka kwa miguu kwenda kwenye gereji yake upande wa Uganda.

"Huu mfuko umebeba spana nyingi," alisema Syprose. "Utaniwekea kitambaa kigumu, dada?"

"Nitaweka cha mara mbili, mama," alisema Damalie. Alishona mshono wa kwanza. Halafu akauliza, macho yakiwa kwenye sindano, "Mama fundi, mtu anaweza kuharibu gari kwa sababu mguu wake ni mgonjwa?"

Syprose aliutazama mkongojo ulioegemea ukuta. "Gari yenyewe inafanya nini?"

Damalie alimweleza yote. Syprose alisikiliza bila kumkatiza.

"Umewahi kupima oili ya giaboksi?" aliuliza.

"Oili napima. Kila Jumapili."

"Hiyo ni ya injini. Giaboksi ina oili yake."

Damalie aliacha kushona. "Sikujua. Aliyetuuzia gari alisema giaboksi haiguswi kamwe."

"Wengi wanasema hivyo," alisema Syprose. "Njoo kesho na mzee wako. Usibebe mzigo. Kama oili imechakaa, tuijue mapema."

Siku ya pili Damalie na Okochi walifika gereji. Syprose aliwaambia waliache gari mahali pa tambarare, injini ikiwa inawaka. Breki ya mkono ilivutwa, na mawe yakawekwa mbele na nyuma ya magurudumu.

"Oili hii tunaipima ikiwa na moto, baada ya gari kutembea," alieleza Syprose. "Mama, kanyaga breki. Sogeza mkono wa gia polepole, pitia kila mahali, kisha urudishe P, pale pa kuegesha. Usizime injini."

Damalie alifanya hivyo. Syprose akafungua boneti, akachomoa kijiti kirefu cha kupimia. Alikifuta kwa kitambaa safi, akakirudisha mpaka mwisho, akakichomoa tena.

"Magari mengine hayana kijiti hiki. Hayo fundi anayapima kutoka chini. Yako inacho. Tazama hizi alama mbili. Oili ya moto inatakiwa kufika katikati yake. Yako iko chini."

Alidondosha tone la oili kwenye karatasi nyeupe. Kisha akafungua kopo jipya na kudondosha tone lingine kando yake. Tone jipya lilikuwa jekundu, safi. Tone la gari lilikuwa la rangi ya kahawa.

"Nusa," alisema.

Damalie alinusa. "Nasikia kama kitu kimeungua kidogo."

"Ndiyo. Oili nzuri ni nyekundu, unaona ndani yake, na hainuki moto. Ikigeuka kahawia, imechoka. Ikiwa nyeusi na harufu kali, hali ni mbaya. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia."

"Na ikichoka inafanya nini?" aliuliza Okochi.

"Katika otomatiki, oili ndiyo inayosukuma gia zishike. Pia inapoza vyuma visilane. Ikichoka au ikipungua, gia zinachelewa kushika. Injini inapiga resi, gari haiendi. Halafu zinashika kwa nguvu, gari inaruka." Syprose alifuta mikono yake. "Sasa niambieni. Hii gari imewahi kuvuta au kubeba kitu kizito?"

"Hapana," alisema Damalie. "Nguo tu."

Okochi alikuwa akitazama chini.

"Imebeba," alisema.

Damalie alimgeukia.

"Ule mwezi wa mvua," alisema Okochi. "Wewe ulikuwa na malaria. Muhogo ulikuwa tayari, na lori la mnunuzi lilikuwa linangoja kule Iyolwa. Nilitia magunia kwenye gari mpaka likainama. Kwenye matope likakwama. Nilikanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka tu, muda mrefu. Nikasikia harufu. Tangu siku ile najua mimi ndiye niliyeliharibu. Nilikuwa nawaza, nitakwambiaje kwamba miguu yako nimeivunja mimi?"

Damalie alishika mkono wa mumewe.

"Baba Kate," alisema polepole, "na mimi nilifikiri ni mimi. Mtu alisema mguu wangu ndio unaharibu gari. Nikaamini."

"Nani alisema?"

"Mtu tu. Njiani."

Syprose aliwatazama wote wawili. "Nisikilizeni. Mama, hii gari ilitengenezwa iendeshwe na mguu mmoja. Hata mimi mwenye miguu miwili mizima natumia mmoja. Huna kosa hata kidogo. Na wewe, baba, ule mzigo na yale matope yaliichemsha sana giaboksi, siwezi kukuficha. Lakini oili ilikuwa imeshazeeka mlipoinunua. Ingekuwa mpya, ingevumilia zaidi."

"Itapona?" aliuliza Okochi.

"Bado sijui. Kama vyuma vya ndani vimekwisha, oili mpya haitavirudisha. Tufungue chini tuone."

Syprose alizima injini, akangoja oili ipoe, kwa sababu ikiwa ya moto inaunguza ngozi. Aliinua gari kwa jeki, kisha akaliweka juu ya stendi za chuma. "Msiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake," alisema. "Jeki inaweza kuteleza."

Alifungua nati, oili ikamwagika kwenye beseni. Akafungua bakuli la chuma lililo chini ya giaboksi. Ndani yake mlikuwa na sumaku mbili ndogo. Okochi alichuchumaa kuangalia. Damalie alisimama nyuma yake, mkono mmoja begani kwake.

Syprose alipitisha kidole juu ya sumaku. Kidole kikatoka na uji mweusi, laini.

"Huu ni unga wa kawaida," alisema. "Nilikuwa naogopa vipande vya chuma. Sioni hata kimoja."

Okochi alikaa chini kwenye sakafu ya gereji, hivyo hivyo, kama mtu aliyetua mzigo.

Syprose alisafisha bakuli na sumaku. Alitia filta mpya na gasketi mpya ili oili isivuje. Akapima oili iliyotoka, ili ajue pa kuanzia anapotia mpya. Kisha akawaonyesha maandishi yaliyokuwa kwenye kijiti cha kupimia.

"Hapa pameandikwa aina ya oili. Isome, halafu nunua hiyo hiyo. Usikubali mtu akutilie oili yoyote tu kwa sababu nayo ni nyekundu."

Alitia oili kidogo kidogo, injini ikawashwa, wakapima tena mpaka ikafika katikati ya alama mbili.

"Isizidi pia," alisema. "Ikizidi inatoa povu, na gia zitateleza vile vile."

Oili ya zamani aliimimina kwenye jerikeni na kuifunga. "Hii haimwagwi chini wala mtoni. Watu wanakunywa yale maji. Kuna anayekuja kuichukua."

Damalie alikaa kwenye usukani. Alikanyaga breki, akasogeza mkono wa gia mpaka D. Gari lilisita kidogo tu, kisha likaondoka taratibu. Alizunguka mtaa mmoja, akarudi. Alikuwa akitabasamu.

"Oili nyingine ya zamani bado iko ndani ya giaboksi," alisema Syprose. "Haitoki yote mara moja. Endesha majuma matatu, bila mizigo mizito, kisha urudi. Tutamwaga tena na kutia mpya."

"Baada ya hapo tubadilishe lini?" aliuliza Damalie.

"Fuata kitabu cha gari. Lakini kwa milima, joto na matope ya kwenu, fanya mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kila mwezi pima wewe mwenyewe. Na asubuhi angalia chini ya gari. Ukiona tone jekundu, oili inavuja."

Baada ya majuma matatu walirudi. Syprose akabadilisha oili mara ya pili. Safari hii iliyotoka haikuwa na rangi ya kahawa. Wekundu ulikuwa umeanza kurudi. Tangu siku hiyo gari halikusita tena.

Sasa kila mwisho wa mwezi Damalie anafungua boneti mbele ya nyumba. Anapima oili na kuandika tarehe katika daftari. Okochi anabeba muhogo wake kwa pikipiki ya jirani yenye tela. Mwezi uliopita Ikwap, mwalimu wa shule ya msingi, alipotaka kununua gari lililokwisha kutumika, alikuja kumchukua Damalie waende naye. Kabla Ikwap hajauliza bei, Damalie alikwisha kuomba kitambaa safi na karatasi nyeupe.

Wiki hii Okochi alikwenda naye Busia kununua jembe. Alikuwa ameamka mapema sana kupalilia. Alikaa kando ya mkewe, akafunga mkanda, akasema atafumba macho kidogo tu. Walipofika kwenye mlima wa kwanza alikuwa amekwisha kulala, kichwa kimeegemea dirisha.

Damalie aliongeza mafuta polepole kwa mguu wake wa kulia. Gari likabadilisha gia, na baadaye kidogo likabadilisha tena. Okochi hakuamka.